Eropleni Isiyokuwa na Silaha

Msomaji mpendwa, ukisikia habari za eropleni za vita, bila shaka fikira zako hukimbilia mara moja kwenye mabomu, moshi na nyumba zinazobomoka. Lakini yafaa tujue kwamba eropleni za kwanza za majeshi hazikupelekwa angani kuua mtu. Zilipelekwa kutazama tu. Leo nataka tuizungumzie moja katika hizo, nayo ni eropleni ya Wajerumani iliyoitwa Albatros B.II. Iliruka mwaka 1914, wakati Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza. Haikuwa na bunduki wala mzinga. Ilikuwa jicho la jeshi, basi. Habari yake si ndefu, lakini ina jambo kubwa la kutufundisha juu ya kuona, na juu ya kusema kile tulichokiona.

MAJESHI YALIKUWA VIPOFU

Tangu zamani kila jemadari alisumbuliwa na swali moja: adui yuko wapi, na anakwenda wapi? Ili kupata jibu alipeleka wapanda farasi mbele ya jeshi. Lakini mpanda farasi huona mpaka kilima kinachofuata tu. Nyuma ya kilima au msitu hajui kuna nini, na akienda kutazama, pengine harudi. Baadaye yakatumiwa maputo makubwa yaliyofungwa kwa kamba. Mtu alipandishwa juu ndani ya kikapu, akatazama mbali kwa darubini. Lakini puto limefungwa mahali pamoja kama mbuzi kwenye kigingi.

Tarehe 17 Desemba 1903, huko Marekani, ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliruka kwa mara ya kwanza kwa mashine yenye injini. Safari ya kwanza ilichukua sekunde 12 tu, na mwendo wake ulikuwa mita 36. Watu wengi waliona ni mchezo. Lakini haikupita hata miaka kumi na mmoja, majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa na eropleni kwa mamia. Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walikuwa tayari wamegawanya zao katika vikosi vidogo, kila kikosi eropleni sita, na kila kikosi kikafuatana na jeshi lake. Wahenga walisema, macho hayana pazia. Tangu siku hizo hata kilima hakikuwa pazia tena.

ILIVYOUNDWA

Albatros lilikuwa jina la kiwanda kilichokuwa Johannisthal, karibu na mji wa Berlin. Miongoni mwa mafundi walioifanyia kazi eropleni hii alikuwamo kijana Ernst Heinkel. Huyu ndiye ambaye kiwanda chake mwenyewe, miaka mingi baadaye, yaani mwaka 1939, kilirusha eropleni ya kwanza ya jeti duniani.

Labda utauliza, kwa nini ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine? Jibu ni hili. Injini za siku zile zilikuwa dhaifu, na eropleni ilikwenda polepole. Chombo kinachokwenda polepole hewani kinahitaji bawa kubwa ili kibebwe. Lakini bawa moja refu la mti na kitambaa huvunjika upesi. Kwa hiyo mafundi walipanga mabawa mawili, wakayaunganisha kwa nguzo na nyaya zilizokazwa sana. Ukitaka kuelewa, tazama kenchi ya paa la nyumba. Ubao mmoja peke yake hupinda, lakini mbao zilizofungamana hubeba bati zote bila kulalamika. Ndivyo mabawa yale yalivyosaidiana.

Kiunzi kilikuwa cha mbao. Tumbo la eropleni lilifunikwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na mabawa yalivikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Kutoka ncha ya bawa mpaka ncha nyingine palikuwa karibu mita 13. Pamoja na watu wawili na petroli yake, uzito wote ulikuwa kiasi cha kilo 1,070. Injini ilikuwa ya Mercedes yenye nguvu za farasi 100, nguvu ambazo leo utazikuta katika gari dogo la kawaida. Mwendo wake mkubwa ulikuwa kilomita 105 kwa saa. Iliweza kukaa angani kiasi cha saa nne, na kupanda mpaka mita 3,000, yaani juu kidogo kuliko kilele cha Mlima Rungwe.

Sasa fikiri, msomaji wangu, juu ya watu wawili walioketi humo. Hapakuwa na paa wala kioo cha kuwafunika. Huko juu baridi ni kali, maana kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita au zaidi, na upepo wa mwendo huzidisha. Walivaa makoti ya manyoya, miwani mikubwa na glovu nene. Mwavuli wa kujiokoa hawakuwa nao. Marubani wa Wajerumani walipewa miavuli hiyo mwaka 1918, vita vilipokaribia kwisha. Kwa hiyo bawa likivunjika au moto ukiwaka, hapakuwa na njia nyingine.

EMIL NA FRANZ

Kazi iligawanywa hivi. Mmoja alikuwa rubani, aliyeshika usukani. Mwingine alikuwa mtazamaji. Katika jeshi la Wajerumani la siku zile mtazamaji ndiye aliyekuwa afisa na mkubwa wa safari, na mara nyingi rubani alikuwa askari wa cheo cha chini, kama dereva wa bwana mkubwa. Askari waliwapa majina ya utani: rubani waliitwa Emil wote, na watazamaji wote Franz. Na kwa kuwa Franz ndiye aliyeshika ramani, wakipotea njia lawama ilikuwa yake. Mpaka leo Wajerumani wana neno la kusema mtu amepotea njia, nalo limetokana na jina hilo la Franz.

Mtazamaji aliketi mbele na rubani nyuma. Hii ilikuwa kwa ajili ya mizani. Kiti cha mbele kilikuwa karibu na katikati ya uzito, hata rubani akiruka peke yake chombo hakikulemea upande mmoja, kama vile mtumbwi usivyolemea abiria wa katikati akishuka. Lakini kwa kutazama mahali pale palikuwa pabaya. Juu ya kichwa bawa, chini ya miguu bawa, mbele injini. Mtu aliyepelekwa kuona aliketishwa mahali pa kuzuiwa asione! Ilimbidi ajinyoshe nje ya ubavu huku upepo ukimpiga, au ampungie rubani mkono ainamishe eropleni upande. Kusema hawakuweza kwa kelele za injini. Walisemezana kwa ishara za mikono na kwa karatasi.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kutazama ovyo. Mtazamaji alitakiwa kuandika saa, mahali na upande ambao adui anaelekea. Ilimpasa apime urefu wa safu barabarani, ahesabu magari na mabehewa ya treni, na atambue kama vumbi lile ni la farasi au la askari wa miguu. Ilimpasa pia kutambua kati ya askari wanaokwenda vitani na watu wa kawaida wanaokimbia makwao na mizigo yao, maana kutoka juu wote ni wadudu wadogo barabarani. Mwanzoni mwa vita simu ya upepo haikuwamo katika eropleni hizi. Habari ililetwa kwa kutua na kumweleza mkubwa kwa mdomo, au kwa kuangusha barua ndani ya mfuko mdogo.

HABARI ILE ILE, MAJEMADARI WAWILI

Tuone sasa jinsi habari kama hizo zilivyofanya kazi. Agosti 1914 majeshi mawili ya Warusi yaliingia katika jimbo la Prussia ya Mashariki. Jeshi moja lilitoka mashariki, na jingine, chini ya Jenerali Samsonov, lilitoka kusini. Wajerumani walikuwa na jeshi moja tu pale, chini ya Jenerali von Prittwitz. Tarehe 20 Agosti alikuwa akipigana na lile jeshi la mashariki, na mambo hayakumwendea vizuri. Ndipo zikamfikia habari, zikiwemo zile zilizoonwa kutoka angani, kwamba jeshi la Samsonov linakuja kwa upande wa mgongo wake.

Von Prittwitz alishikwa na hofu. Akapiga simu kwa wakubwa wake kwamba atarudi nyuma mpaka ng'ambo ya mto Vistula, na kuliacha jimbo zima. Wakubwa wakamwondoa kazini. Wakaletwa Jenerali von Hindenburg na msaidizi wake Ludendorff. Nao waliikuta habari ile ile: majeshi mawili, moja mashariki, moja kusini. Lakini wao, pamoja na maafisa waliowakuta pale, waliona kitu kingine ndani yake. Waliona kwamba majeshi yale yako mbali moja na jingine, wala hayasaidiani. Eropleni za mabawa mawili na za bawa moja ziliruka kila siku kutazama kama lile la mashariki linakuja kumsaidia Samsonov. Halikuja upesi. Tena Warusi wenyewe walikuwa wakipelekeana simu za upepo bila maneno ya siri, na Wajerumani wakazisikia. Basi wakageuza karibu nguvu zao zote kusini. Vita vya Tannenberg, mahali ambapo leo pamo ndani ya nchi ya Polandi, vilikuwa kutoka tarehe 26 mpaka 30 Agosti. Warusi zaidi ya 90,000 walitekwa, na maelfu kwa maelfu waliuawa au kujeruhiwa. Samsonov alijiua mwituni kwa risasi.

Silisemi hili ili kusifu ushindi wa mtu. Wale waliokufa walikuwa wana wa mama zao, wa pande zote mbili. Nalisema kwa sababu msomaji wa Biblia atakuwa amekwisha kumbuka habari nyingine. Musa aliwapeleka watu kumi na wawili kuipeleleza nchi ya Kanaani. Wote walitembea siku arobaini, wote waliona miji ile ile na watu wale wale. Kumi walirudi na hofu wakaiambukiza kambi nzima. Wawili, Yoshua na Kalebu, walirudi na imani. Jicho huleta habari tu. Habari ikisha kufika, ndipo moyo wa mtu unapopimwa.

JICHO LAPEWA BUNDUKI

Mwanzoni marubani wa pande mbili walipokutana angani hawakuwa na la kufanyana. Lakini hali hiyo haikukaa. Mtu akijua kwamba anatazamwa, na kwamba kutazamwa kwake kutamletea mizinga kesho asubuhi, atatafuta njia ya kulifumba jicho hilo. Askari walianza kutembea usiku na kujificha mchana chini ya miti. Tena wakaanza kuzipiga eropleni risasi kutoka chini, hata pengine wakapiga zao wenyewe kwa kutozitambua. Na watazamaji wakaanza kubeba bunduki zao za mkononi.

Tarehe 5 Oktoba 1914, karibu na mji wa Reims nchini Ufaransa, eropleni ya Wafaransa iliyofungwa bunduki ya rashasha iliikuta eropleni ya Wajerumani ya aina ya Aviatik. Hiyo nayo ilikuwa ya mabawa mawili na ya upelelezi, ndugu wa Albatros yetu. Wafaransa walikuwa Joseph Frantz, rubani, na Louis Quénault, mpiga bunduki. Waliiangusha, na Wajerumani wawili waliokuwamo wakafa. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza katika historia kwa eropleni kuangushwa na eropleni nyingine kwa risasi. Vita vilikuwa havijatimiza hata miezi mitatu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1915 Wajerumani walileta eropleni za namna mpya, zilizopewa herufi C badala ya B. Injini zake zilikuwa na nguvu za farasi 150 au zaidi. Mtazamaji alihamishwa kiti cha nyuma, akafungiwa bunduki ya rashasha inayozunguka. Sasa aliona vizuri kuliko kwanza, lakini mikononi hakushika kalamu peke yake. Mwaka huo huo zikaja pia eropleni za mtu mmoja, ambazo kazi yake ilikuwa kuwinda eropleni nyingine tu. Hivyo Albatros B.II, isiyokuwa na silaha, haikuwa na nafasi tena mbele ya vita. Aliyeruka nayo huko alikuwa kama mtu aliyeingia katikati ya ugomvi wa mapanga akiwa na daftari.

MPAKA PWANI YETU

Msidhani mambo haya yalikuwa ya Ulaya tu. Mwaka 1914 Mjerumani mmoja, Bruno Büchner, alileta eropleni ya mabawa mawili Dar es Salaam, kwa ajili ya maonyesho makubwa yaliyokuwa yafanyike Agosti mwaka huo. Maonyesho yakageuka vita. Jeshi likaichukua eropleni ile kwa upelelezi. Lakini haikuleta faida kubwa. Ilipata ajali, na afisa mmoja, Henneberger, akafa nayo mwaka huo huo. Vyombo vya kuitengeneza visingeweza kuja, kwa kuwa manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari.

Waingereza nao walitumia macho ya angani katika pwani hiyo hiyo. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya vita ya Waingereza, Pegasus, huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika midomo ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Kutoka baharini haikuonekana. Novemba mwaka ule rubani aitwaye Cutler aliiona kutoka juu. Mwaka 1915 Waingereza walileta eropleni nyingine na meli mbili zenye mizinga, Severn na Mersey. Eropleni zilizunguka juu na kuwaambia wapigaji mizinga kwa simu ya upepo: umezidisha, umepunguza, peleka kushoto. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilikwisha. Siku hiyo eropleni ya Cull na Arnold ilipigwa injini. Walipokuwa wakishuka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kupeleka habari za kulengea mpaka karibu na maji. Waliokolewa wote wawili.

Unaona, msomaji? Mwaka 1914 jicho lilitazama tu. Mwaka 1915 jicho na mkono vilikuwa kitu kimoja.

IKAWA MWALIMU

Na ile Albatros B.II? Haikutupwa. Ilikuwa mpole angani, haikumrusharusha mwanafunzi, na makosa yake iliyasamehe. Basi ikapelekwa katika shule za marubani. Huko ilifanya kazi mpaka vita vilipokwisha mwaka 1918, ikiwafundisha vijana waliokuwa watoto wa shule wakati yenyewe ilipokuwa mpya. Hata baada ya vita iliendelea kufundisha katika nchi nyingine, kama Uswidi na Polandi. Moja ya namna hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya eropleni huko Kraków, nchini Polandi.

Lakini tusisahau jambo la huzuni lililomo humo. Vijana wengi aliowafundisha mwalimu huyu mpole walitoka shuleni kwake wakapanda eropleni zenye bunduki, na hawakurudi. Mwalimu yeyote ataelewa uchungu wa jambo hilo.

MIMI NA WEWE

Leo hii jicho la angani limekuwa kubwa mno. Ziko setilaiti zinazozunguka dunia usiku na mchana. Ziko ndege ndogo zisizo na rubani, zinazotazama na kuua kwa safari moja. Na kila mmoja wetu ana jicho lake mfukoni, yaani simu yenye kamera. Hatukosi kuona tena. Tunakosa Franz mwema, yule wa kuandika saa, mahali na upande, na wa kutofautisha askari na mkimbizi kabla ya kusema neno.

Sisi tunaoshika daftari za ubatizo na ndoa tunajua kwamba jina moja likiandikwa vibaya leo, mtu atasumbuka miaka thelathini baadaye. Basi je, neno lililosemwa vibaya juu ya jirani? Mtu anaona gari la mgeni nyumbani kwa mjane, anapiga picha, anaipeleka kwa watu mia, na kabla ya jua kutua jina la mama yule limekwisha haribika. Kumbe mgeni alikuwa mdogo wake amekuja kumwona mgonjwa. Aliyeona hakudanganywa na macho yake. Aliongeza yeye mwenyewe.

Amri ya Nane haikutungwa kwa ajili ya mahakama peke yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari nyingine utakapoona jambo, jiulize maswali ya mtazamaji: Nimeona nini hasa? Nimeona wapi, na saa ngapi? Ni kitu gani sikukiona, kwa kuwa bawa lilinikinga? Na habari hii nikiipeleka, itamlinda mtu, au italenga mzinga juu yake?

Ukisha kujibu hayo, sema kweli, wala usiogope. Na kama huna jibu, nyamaza kwanza, ukatazame tena.